Gogo, Tope na Kifaru cha Kwanza

Tingatinga likizama hadi tumbo, sauti yake hubadilika. Injini inanguruma vizuri, cheni zinazunguka, lakini mashine haisogei hata unene wa kidole. Inajichimbia kaburi lake. Masika ya 2020 nilikuwa kando ya Mto Nyando tukirudisha tuta lililobomolewa na mafuriko, na ule udongo mweusi wa tambarare za Kano ulikuwa umelimeza tingatinga mpaka rola za chini hazionekani. Mpwa wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini.

"Mjomba, tupige simu Kisumu tuletewe winchi."

"Winchi itazama pia. Nitafutie gogo."

Alileta la mkaratusi, nene kama paja, refu kupita upana wa mashine. Tulililaza mbele ya cheni zote mbili, tukalifunga kila upande kwa mnyororo kwenye viatu vya cheni, yaani zile bamba zinazokanyaga ardhi. Nikaweka gia ya kwanza, polepole. Cheni zikalivuta gogo chini ya tumbo, gogo likang'ang'ania udongo, na tingatinga likajiinua juu yake kama mzee anayevuka kizingiti. Gogo likitokea nyuma unasimama haraka kabla halijapanda kuvunja fenda, unalifungua, unalirudisha mbele. Tulirudia mara tatu, tukawa nchi kavu.

Nilifundishwa hivyo na jaduong', yaani mzee, mmoja wa mashamba ya miwa Muhoroni, miaka mingi iliyopita, na siku zote niliamini ni akili ya watu wa miwa. Halafu miezi michache baada ya mafuriko nikawa nasoma habari za Vita Kuu ya Kwanza, nikalikuta gogo lile lile. Vifaru vya Waingereza vya 1917, aina ya Mark IV, vilibeba boriti nzito iliyokazwa kwa vyuma, ikiwa imewekwa juu ya reli mbili zinazopita juu ya paa. Kifaru kikikwama, watu walitoka nje, risasi zikipita, wakaifunga boriti kwenye cheni, ikazunguka mpaka chini na kukitoa kifaru topeni. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikamwamsha mpwa wangu nimwonyeshe.

Tangu hapo sijaacha kusoma. Wanaosimulia habari za vifaru huanza na mzinga na chuma cha kuzuia risasi. Mimi nina miaka 29 kwenye mashine za cheni, na naona hadithi yenyewe inaanzia shambani, kwenye tope.

Huko California, Marekani, karibu na mji wa Stockton, kulikuwa na mashamba ya udongo mwororo wa delta, mweusi, wenye rutuba sana, usioweza kubeba uzito. Trekta za mvuke zilikuwa zikizama. Watengenezaji walijaribu kuzifunga magurudumu mapana, mapana zaidi, mpaka mashine ikawa pana kuliko ilivyo ndefu, na bado ilizama. Benjamin Holt akayang'oa magurudumu ya nyuma, akaweka mahali pake mikanda ya minyororo iliyopigiliwa vipande vya mbao. Aliijaribu Novemba 1904, ikatembea juu ya udongo ambao mtu alizama hadi kifundo. Mtu yeyote aliyelima Kano anaelewa furaha ya siku hiyo bila kuelezwa.

Miaka kumi baadaye vita vikazuka Ulaya. Bunduki za rashasha zilikuwa zinafyeka watu waliosimama wima, kwa hiyo watu wakaingia ardhini. Kufikia mwisho wa 1914 mahandaki yalikuwa yameanzia mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini. Hayakuchimbwa kwa mstari ulionyooka. Yalipinda kila baada ya hatua chache, ili bomu likianguka ndani liue watu wa kona moja tu, na adui akiingia asiweze kufyatua risasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbele ya mahandaki kulikuwa na seng'enge tabaka kwa tabaka, na katikati ya pande mbili ardhi isiyo ya mtu, iliyochimbuliwa na mabomu mpaka haina nyasi.

Kila nikisoma kuhusu mahandaki, macho yangu huenda kwenye miguu. Miguu inayokaa ndani ya maji baridi na viatu vilivyobana, siku baada ya siku, hufa ganzi, huvimba, hubadilika rangi, na ikiachwa huoza mpaka daktari akate. Mbao zilitandikwa chini kwenye handaki ili watu wasikanyage tope, lakini tope lilipanda juu ya mbao. Askari waliamriwa kuvua viatu, kukausha miguu, kupaka mafuta ya nyangumi, na kubadilisha soksi. Mahali pengine walipangwa wawili wawili, kila mmoja akawajibika kwa miguu ya mwenzake. Mama yangu alipanda mpunga Ahero. Maji ya kule ni ya joto, si ya barafu, lakini naikumbuka miguu yake jioni, nyeupe, imekunjamana, katikati ya vidole pamechubuka, naye akinyoosha mguu mmoja nimpake mafuta ya mgando. Kwa hiyo ninaposoma kwamba mwanajeshi mmoja alipiga magoti kwenye handaki kumsugua mwenzake nyayo, naliona jambo hilo kabisa.

Mengine yalikuwa chawa, ambao walichomwa kwa mshumaa kwenye mishono ya nguo na bado waliambukiza homa. Panya waliokuwa wakila maiti. Na maji ya kunywa yaliyoletwa kwenye madebe ya petroli. Hayo maji nayajua. Tumeyanywa kazini, kutoka jerikeni lililowahi kubeba dizeli, na ladha haitoki hata ukisuuza mara kumi.

Ernest Swinton, afisa wa Uingereza aliyejua habari za trekta za Holt, alipendekeza mwezi Oktoba 1914 kwamba mashine ya namna hiyo ivalishwe chuma na ipelekwe kuvunja seng'enge na kuvuka mahandaki. Jeshi lilisitasita. Februari 1915 Winston Churchill, aliyekuwa mkuu wa masuala ya jeshi la majini, aliunda kamati ya kuishughulikia, na kazi ikaishia kwenye kiwanda cha mashine za kilimo cha William Foster katika mji wa Lincoln, kwa William Tritton na Walter Wilson.

Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu inapokutana na yao. Cheni walizoanza nazo ziliagizwa Marekani, zimetengenezwa kwa ajili ya trekta. Shambani zilitosha. Lakini kifaru kinapovuka handaki, sehemu ya cheni inaning'inia hewani haina chini ya kukanyaga. Cheni ikalegea, ikashuka mbali na rola, na kifaru kilipogusa upande wa pili haikurudi njiani. Ikatoka. Fundi yeyote wa tingatinga ameiona cheni iliyotoka: mwendo wote umekwisha, na mna kazi ya siku nzima kwa nyenzo, jeki na nyundo. Septemba 1915 Tritton akapata dawa. Alitengeneza cheni ya bamba za chuma zilizoshindiliwa, kila kiungo kikiwa na miongozo upande wa ndani inayoshika kwenye fremu, kwa hiyo hata ikining'inia haiwezi kudondoka. Bila cheni ile, ule mzinga na lile chuma vyote vingebaki upande wetu wa handaki.

Mashine hiyo ya kwanza iliitwa Little Willie. Lakini ilikuwa fupi kwa mahandaki mapana, ndipo Wilson akachora umbo lile lililolala mshazari na kuinuka mbele, cheni ikizunguka mwili mzima, ili ipande kingo za juu. Ilijaribiwa Hatfield mwanzoni mwa 1916 mbele ya wakubwa, na oda ikatolewa.

Jina lilikuwa la kuficha siri. Wafanyakazi waliambiwa wanatengeneza matangi ya kubebea maji ya Mesopotamia, na Waingereza wakabaki na neno "tangi" mpaka leo. Sisi tukasema kifaru, na nadhani tumekipa jina linalomfaa zaidi. Ukimwona faru wa Nakuru akisukuma kichaka bila kukizunguka, umekiona kifaru.

Vilipigana kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, Flers na Courcelette, kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, ambako siku ya kwanza tu, Julai 1, Waingereza 19,240 walikuwa wameuawa. Vifaru 49 vilipangiwa kazi. Karibu theluthi moja viliharibika au kukwama kabla hata ya kufika mahali pa kuanzia. Vilivyofika viliwatia Wajerumani hofu kubwa, na kimoja kilipita katikati ya kijiji cha Flers askari wakikifuata nyuma.

Ndani walikuwa watu wanane. Injini ya Daimler ya nguvu za farasi 105 ilisukuma tani 28 (tingatinga langu halifiki tani 20 na lina nguvu kuliko hiyo), mwendo wa mtu anayetembea haraka kwenye nchi nzuri, na polepole zaidi topeni. Kugeuka kwa nguvu kulihitaji watu wanne. Mimi leo navuta wenzo mmoja. Wao walisimama kwanza, dereva akagonga kifuniko cha injini kwa nyundo kama ishara, kwa sababu hakuna sauti ya mtu iliyosikika mle, na wale wawili wa nyuma, kila mmoja na gia ya cheni yake, wakabadilisha. Kisha kikaanza kugeuka.

Na ile injini ilikuwa katikati yao, bila ukuta. Joto lilifika nyuzi 50. Moshi wake ulivuja humo humo. Watu walitapika, walipoteza fahamu, wengine walitoka nje wakianguka kwenye uwanja wa risasi ili tu wavute hewa.

Hili siwezi kulisoma haraka. Mwaka 1998, nikiwa utingo kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, mvua ilikuwa kubwa tukaambiwa tuiwashe injini ya pampu ndani ya stoo, milango imefungwa. Gesi inayoua ndani ya moshi wa petroli haina harufu. Nilianza kuumwa kichwa, kama kimefungwa kamba. Halafu nikaona spana mkononi mwangu, nikajua ni spana, na sikukumbuka inafanya nini. Magoti yakaisha nguvu. Mwenzangu aliyekuwa amekaa karibu na ufa wa mlango ndiye aliyeniburuta nje kwenye mvua. Nilikuwa na dakika ishirini tu mle ndani. Wale vijana walikaa saa nyingi, na huku walitakiwa kulenga mizinga.

Mambo yaliboreka. Ufaransa ilileta Renault FT, kifaru kidogo cha watu wawili chenye mnara unaozunguka, na injini ikatengwa nyuma. Cambrai, Novemba 20, 1917, Waingereza walipeleka vifaru zaidi ya 400 kwenye ardhi kavu, vikiwa vimebeba matita makubwa ya fito ya kutupa ndani ya mahandaki mapana, kama tunavyojaza mitaro kwa matawi ili lori la miwa lipite.

Huku kwetu hakikuja kifaru hata kimoja katika vita ile. Vita yenyewe ilikuja. Juni 1915, wiki chache kabla ya Tritton na Wilson kuanza kujenga, wanajeshi walipanda meli hapa Kisumu wakavuka ziwa kuishambulia Bukoba. Na kwa kuwa mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, mizigo ilibebwa na watu. Nyanza ilitoa wachukuzi wengi mno, na maelfu hawakurudi. Kwenye mnara wa Kenyatta Avenue, Nairobi, maandishi yanawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi.

Babu wa baba yangu alikwenda Kariakor, yaani kikosi cha wachukuzi (Carrier Corps), kutoka Kano. Yeye alirudi, lakini funza walikuwa wamekula vidole vyake vya miguu. Nyanya alikuwa akituonyesha mwendo wake: anavuka uwanja kwa visigino, polepole, mikono imeinuka kidogo kama bado ana mzigo kichwani, na sisi watoto tulijipanga nyuma yake, tukivuka hivyo hivyo hadi kwenye ua.