Navigesheni ya gari ilinizamisha mtoni, kumbe mchawi nilimfunga mwenyewe

Hii kitu ilinitesa kama wiki tatu hivi. Gari yangu ina navigesheni iliyokuja nayo toka kiwandani, sio ya simu, na siku zote ilikuwa haina shida, ghafla mshale ukaanza kuniasi, mara unaonyesha niko katikati ya mto, mara niko kichochoroni huku yule dada wa kwenye spika anang'ang'ania nigeuze gari na mimi niko njia kuu naenda zangu vizuri kabisa.

Nikasema ramani imezeeka hii. Nikapakua mpya, nikaiweka kwenye flashi, nikasubiri weee mpaka ikaingia yote, kuwasha gari mshale huyooo unaogelea tena. Hapo ndo nikakubali kwamba hiki kidude sikielewi, nikaanza kusoma.

Kumbe gari haioni barabara hata kidogo, inapiga hesabu tu. Setilaiti za GPS ziko huko juu kama kilomita 20,200, kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo basi, hata haijui kama wewe upo duniani. Kipokezi cha kwenye gari ndo kinaangalia ishara imechukua muda gani kufika, na kinahitaji setilaiti 4 sio 3, ile ya nne ni ya kurekebisha saa yake chenyewe maana wenzake huko juu wana saa za atomiki na yeye ana kasaa ka kawaida. Saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umeshahamishwa mita 300!

Sasa gari inaizidi simu hapa: inajua magurudumu yamezunguka kiasi gani, na hilo inaliunganisha na sensa ya jairo inayohisi ukikata kona. Setilaiti zikipotea, tuseme umeingia kwenye handaki, inaendelea kujihesabia yenyewe kwamba nimeenda mita kadhaa, nimekunja kulia, halafu jibu inalibandika kwenye barabara iliyo karibu kwenye ramani, ndo maana mshale hukaa katikati ya lami hata kama hesabu imepotea mita kumi (uongo wa heshima huo). Na hesabu hii ya bila setilaiti ni ya zamani, Honda mwaka 1981 walitoa navigesheni ya gari inaitwa Electro Gyrocator, ilitumia jairo ya gesi na ramani za plastiki unazopachika juu ya skrini, setilaiti hakuna hata moja.

Kusoma hiyo ndo kukanifungua macho, kwa sababu nilikumbuka asubuhi nikitoka mshale huwa uko sawa kabisa, unapotea kadri ninavyozidi kwenda. Ingekuwa ramani ingekosea palepale kila siku. Na gari hukumbuka ilipopaki jana, kwa hiyo ilikuwa inaanzia hapo na kwenda kwa magurudumu na jairo peke yake, makosa madogo madogo yanajazana mpaka naishia mtoni. Maana yake setilaiti haizipati.

Nikachimba kwenye setingi nikakuta ukurasa unaoonyesha idadi ya setilaiti. 2. Nikasogeza gari uwanjani, hakuna mti hakuna ghorofa, bado 2, saa nyingine 0. Antena yangu iko chini ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, nikakaa najiuliza nimebadilisha nini huku mbele... si ile kamera ya kurekodi barabarani niliyofunga wiki tatu zilizopita! Nikaichomoa kwenye tundu la kuwashia sigara, nikatulia naangalia skrini, 3, 5, 7, 9. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Ishara ya setilaiti ikifika chini ni dhaifu mno, ni kama mtu anakunong'oneza toka mbali halafu umewasha jenereta pembeni ya sikio. Kamera za bei chee na chaja zake zinapiga kelele za redio zinazomeza huo mnong'ono. Nikajaribu kamera ileile na chaja nyingine, zikabaki 8, nikaihamishia upande wa pili mbali na antena na waya nikaupitisha nguzo ya kule, zikarudi 9.

Kamera bado ninayo. Chaja ndo niliitupa siku hiyohiyo.