Tram 83 imenichekesha ndani ya basi

Wandugu, nimemaliza riwaya ya Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila sasa hivi.

Mwandishi ni mtoto wa hapa hapa Lubumbashi. Kitabu kilitoka 2014. Changu ni cha kuazima, kurasa zimelegea.

Lucien anataka kuandika, Requiem anataka pesa, na mji wa machimbo unawatafuna wote wawili.

Ila wale wanawake wa baa, hiyo Tram 83 yenyewe! Mazungumzo yakinoga tu, mmoja anaingilia: "Ni saa ngapi?" Mwanzo nilicheka. Baadaye ikanikera.

Basi leo, ndani ya basi la kwenda Kenya (mtaa wetu, si nchi), kitabu mkononi, mama wa pembeni ananigusa bega: "Papa, ni saa ngapi?"

Nilicheka hadi machozi. Maskini, akasogeza mfuko wake wa mboga, akanipa mgongo.

Lugha ya kitabu ina mdundo mkali, sikatai. Lakini wanawake wale walistahili maneno mengine pia.

Riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, imenishika zaidi: Yusuf anatolewa kwa deni la baba yake, kimyakimya.

Mliosoma Tram 83, ile "saa ngapi" iliwachosha, au ni mimi tu?