Usiku Wangu Juu ya Sakafu ya Moto Kijijini Hahoe

Chumba nilikilipia won 120,000 za Korea Kusini kwa usiku mmoja, chai ya asubuhi haimo, na nilipousukuma mlango wake wa karatasi sikukuta kitanda wala kiti, ila godoro jembamba lililokunjwa pembeni. Nilikuwa nimetoka Seoul kwa basi hadi Andong, kisha nikapanda basi jingine hadi Hahoe, kijiji cha ukoo wa Ryu kinachokumbatiwa na Mto Nakdong, ambacho UNESCO ilikiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2010 pamoja na kijiji cha Yangdong. Ilikuwa Januari. Mimi ni mzaliwa wa Makete na nilidhani baridi naijua, lakini ile iliniuma hadi kwenye meno.

Mzee mwenyeji alinitandikia mwenyewe, akanionyesha kwa kiganja mahali pa kulala: kando ya ukuta ambao nyuma yake kuna jiko. Karatasi ya sakafu ya pale ilikuwa imegeuka rangi, kahawia iliyokoza kama ukoko wa wali. Saa nane za usiku niliamka mgongo ukiwaka, nikaliburuta godoro hadi mlangoni, nikalala huko nikitetemeka na kuzihesabu fedha zangu.

Asubuhi mzee alipoliona godoro mlangoni, uso wake ulisinyaa. Kupitia kwa mjukuu wake aliyekuwa akitufasiria, aliniuliza wamenikosea nini. Ndipo nikaelezwa kwamba pale nilipopakimbia panaitwa araetmok, mahali palipo karibu zaidi na moto, ambapo hulazwa wazee na wageni wanaoheshimiwa, na ambapo zamani bakuli la wali la mtu aliyechelewa kurudi lilifunikwa kwa blanketi lisipoe. Nilimshika mzee mikono yote miwili nikamwomba radhi.

Akanitoa nje kunionyesha. Kuni huwashwa kwenye mdomo wa jiko ulio chini ya usawa wa chumba, na moshi wake hupita katika mifereji iliyo chini ya sakafu, ukiyapasha moto mawe bapa yaitwayo gudeul, kisha hutokea kwenye bomba la upande wa pili. Juu ya mawe hukandikwa udongo, na juu ya udongo hubandikwa karatasi iliyopakwa mafuta. Chumbani hamna hata harufu ya moshi. Huu ndio ondol, na mwaka 2018 serikali ya Korea Kusini iliutambua utamaduni wake kuwa urithi wa taifa. Hata maghorofa mapya hupasha sakafu joto, ila kwa mabomba ya maji moto.

Mzee akaongeza kwamba enzi za kuwasha tofali za makaa ya mawe badala ya kuni, gesi yake ya sumu ilipenya kwenye nyufa za sakafu ikaua watu usingizini. Hapo nilinyamaza muda mrefu. Kwetu, baridi ya Juni inapobana, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, nami nimewahi kusimama kwenye kaburi la mama na wanawe wawili waliolala hivyo wasiamke. Nilichukua daftari nikauchora ule mfereji, nikimwomba mzee anionyeshe kwa mikono upana wake na unene wa udongo, naye akarudia kila kipimo mara mbili bila kuchoka.

Usiku wa pili nililipa tena, japo bei iliniuma, nikalitandika godoro palepale penye rangi ya ukoko, safari hii nikiwa na blanketi la ziada chini ya mgongo.