Kabla ya kununua jiko jipya, badili unavyopika maharage

Ushauri mwingi wa kuishi kwa afya na kutunza mazingira unaanza na kununua. Nunua jiko la kisasa, nunua mashine ya kuchuja maji, nunua mboga za bei mbaya. Mtu aliyepanga chumba na sebule Mbagala akisoma hayo anaachia hapohapo, na ana haki. Mimi nasema anza na sufuria uliyo nayo, na ndani ya sufuria hiyo anza na maharage, kwa sababu katika nyumba nyingi zinazotumia mkaa hicho ndicho chakula kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni lengo la kuungwa mkono kwa moyo wote. Ila maharage ya leo yanapikwa leo, na mkaa unaoungua leo umeshakula miti. Tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kilo unayoiacha kwenye gunia lako ni mzigo mzima wa kuni uliobaki porini.

Halafu kuna pumzi. Kwa kuwa mkaa ukishakolea hautoi moshi kama kuni, wengi wanaamini jiko likishakuwa jekundu ni salama kuliingiza ndani. Si kweli. Makaa mekundu ndiyo yanayotoa kwa wingi kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na mtu anaweza kudhani ni malaria au uchovu tu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kuzihisi. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama makaa yamefunikwa majivu, hata kama ni msimu wa baridi Njombe au Lushoto. Kwa hilo hakuna njia ya katikati.

Turudi kwenye sufuria.

Maharage makavu yakiwekwa motoni bila kulowekwa yanaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Yakilowekwa kwa muda wa saa 8, muda huo unapungua sana. Chambua kwanza: toa mawe, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyokunjamana. Osha, kisha kwa kila kikombe cha maharage weka vikombe vitatu vya maji, kwa sababu yatavimba karibu mara mbili na yale ya juu yakibaki makavu yataiva nyuma ya wenzake. Kwa joto la Pwani usiyaache usiku kucha hadi mchana. Yakizidi saa 12 maji yanaanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Maji ya kulowekea yamwage, yana sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi. Pikia maji mapya.

Wapo watakaosema wameloweka na bado maharage yamegoma kuiva. Mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya vitatu. Kwanza, maharage ya zamani: yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu yanakuwa sugu, na hakuna kuloweka kutakakoyarudisha. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, na pima kwa jicho, kwani maharage mapya ganda lake linang'aa na rangi yake haijafifia. Pili, maji ya kisima yenye chumvichumvi: madini yake hukaza ganda, kwa hiyo hapo tumia maji ya mvua au ya bomba. Tatu, haraka ya kuunga. Nyanya, ndimu na ukwaju vina asidi, na asidi inayazuia maharage yasilainike. Yaive kwanza mpaka yabonyezeke kati ya vidole viwili bila kokoto katikati, ndipo uunge.

Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, na ndiyo maana yamependwa. Ila yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage na kuongeza sodiamu, jambo baya hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Ukishajua kuloweka huyahitaji.

Sasa kapu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania, tarehe 1 Juni 2019, makapu ya ukindu yamerudi sokoni kwa wingi; hapa unahitaji moja la ziada litakalokaa jikoni. Wazo lenyewe ni jepesi: chakula kilichokwisha kuchemka hakihitaji moto zaidi, kinahitaji joto lake lisitoroke. Tafuta kapu lenye upana unaozidi sufuria yako kwa sentimita 20, ili kila upande ubaki na nafasi ya sentimita 10. Jaza nafasi hiyo na chini yake sufi, vipande vya nguo kuukuu za pamba, maranda makavu au majani makavu ya mgomba yaliyoshindiliwa. Juu ya kujaza huko tandika kitambaa cha pamba, ubonyeze umbo la sufuria. Kisha shona mto mnene wa kufunikia, upana sawa na mdomo wa kapu. Mto huo usiufanyie ubahili. Joto jingi hupotelea juu, na kapu zuri lenye mto mwembamba halifai kitu. Nailoni na vitambaa vya plastiki visiguse sufuria, vinaweza kuyeyuka.

Chemsha maharage yaliyolowekwa, mfuniko ukiwa umekaa sawasawa, kwa dakika 30 za mchemko wa kweli, ule unaoviringisha maharage. Hapa usipunguze. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha vibaya, na joto la uvuguvugu haliivunji. Kapu peke yake haliwezi kazi hiyo; mchemko ndio unaoiweza. Baada ya hapo epua bila kufunua, futa kitako cha sufuria na ukikague vizuri, maana chembe ya kaa iliyonata chini inatosha kuchoma kapu na nyumba. Tumbukiza, funika na mto, na usifungue kwa saa tatu hadi nne. Kila unapochungulia unatoa joto ambalo huna pa kulirudisha.

Yakitoka bado magumu kidogo, rudisha motoni yachemke dakika 10 kisha uyarejeshe kapuni. Kama yametoka ya vuguvugu tu, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kiasi: sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa upesi. La pili ni unyevu: mvuke huloanisha sufi na nguo, na kitu kilicholowa hakizuii joto. Anika kapu na mto juani kila baada ya matumizi, usingoje vitoe harufu.

Jambo moja la usalama ambalo wengi hawaambiwi: kapu si kabati la kulaza chakula. Chakula kikishuka chini ya nyuzi joto 60 bakteria wanaanza kuzaliana, na kapu linakipoza taratibu, yaani linawapa muda mrefu wanaoupenda. Kitoe ndani ya saa nne, kichemshe tena unapounga, kile. Wali pia unafaa kapuni: ukishachemka dakika 5 na maji yake yote, uweke kwa saa moja. Moto wa jikoni wakati huo umeshazimwa, au unapikia mboga.

Wenye umeme wa uhakika wana njia fupi zaidi, jiko la presha la umeme. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haimalizi yuniti moja. Usijaze kupita nusu ya sufuria, kwa kuwa povu la maharage hupanda na kuziba tundu la mvuke.

Kitu kingine kinachokula mkaa kimyakimya ni maji ya kunywa. Jua linaweza kufanya kazi hiyo bure. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, isiyokwaruzika sana, toa lebo, ioshe, jaza maji na uilaze juu ya bati juani kwa saa 6. Kama mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Siku za mvua za kutwa chemsha tu. Maji yawe maangavu: weka chupa juu ya gazeti, na kama vichwa vya habari havisomeki ukitazama kupitia maji hayo, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, au yaache yatulie. Miale ya jua huua vijidudu, lakini haitoi chumvi wala madini ya floraidi, kwa hiyo kwa wakazi wa sehemu za Arusha ambako floraidi imezidi, meno ya watoto hayatapona kwa njia hii. Wao wanahitaji chanzo kingine cha maji.

Sasa ndoo ya taka. Sehemu kubwa ya uzito wa taka za jikoni kwetu ni maganda: ya ndizi, viazi, mihogo, maembe, na vikonyo vya mchicha. Yakifungiwa kwenye mfuko yanaoza bila hewa, yananuka na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Yakipata hewa yanakuwa mboji. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka inafaa: toboa matundu ya unene wa kidole pembeni na kwenye kitako, iweke juu ya matofali mawili. Kila ukitia kopo moja la maganda yaliyokatwakatwa, funika na makopo mawili ya vitu vikavu, kama majani makavu, maranda ya mbao isiyopakwa dawa, au maboksi yaliyochanwa. Geuza mara moja kwa wiki. Shika fumba moja ukamue: ikitoa tone moja au mawili, unyevu uko sawa. Ikinuka, imelowa mno na imekosa hewa, ongeza vikavu ugeuze. Sisimizi wakihamia, imekauka, nyunyiza maji. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vitaleta panya na funza. Majivu ya mkaa yaingie kwa vijiko tu. Yakizidi udongo unakuwa na magadi na mimea inadumaa. Baada ya miezi miwili hadi mitatu inakuwa nyeusi, inamomonyoka na kunukia udongo wa mvua.

Mboji hiyo inakwenda kwenye gunia la mboga, hata kwenye kibaraza cha hatua mbili. Changanya udongo sehemu mbili, mboji au samadi iliyooza sehemu moja. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, vuta kopo juu ujaze tena, mpaka upate nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Maji yanamwagwa kwenye nguzo hiyo ili yafike chini. Ukimwaga juu ya udongo peke yake, miche ya chini itakufa kwa kiu huku ya juu ikioza. Toboa matundu pembeni kila baada ya sentimita 20, upande sukuma wiki, spinachi au mchicha. Usichukue udongo karibu na gereji, dampo au ukingo wa barabara kubwa, unaweza kuwa na madini ya risasi, na mboga za majani si mahali pa kubahatisha. Viroba vya plastiki vinachanika juani na nyuzi zake zinabaki udongoni. Gunia la katani linaoza lakini halichafui. Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa kumwagilia, mradi hayana dawa ya kung'arishia nguo, na yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani.

Mboga osha kabla ya kukata, siyo baada, maana vitamini C hutoka na maji. Pika dakika chache kwa maji kidogo. Kamulia ndimu kwenye maharage sahanini. Vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo, wakati chai inayonywewa pamoja na chakula huyashika madini hayo yasiingie mwilini. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, hasa kwa wajawazito na watoto.

Kisamvu ndicho kinachoenda kinyume na mengi niliyoeleza hapa. Kina sumu ya sianidi, na sianidi hutoka kwa kutwangwa na kwa mvuke. Kitwange mpaka kilainike kabisa, kichemshe mfuniko ukiwa wazi, na kisiende kapuni kabla hakijaiva.