Ujerumani na watoto: anza na anwani

Wengi wa hapa Dodoma wanaopata mkataba wa kazi Ujerumani huanza kwa kuulizia shule. Ulizeni nyumba kwanza. Ukishahamia, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya mji, wenyewe wanaita Anmeldung, ukiwa na karatasi aliyosaini mwenye nyumba kwamba kweli unakaa pale. Namba ya mlipakodi, shule, posho ya watoto (mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mtoto kwa mwezi), vyote vinafuata anwani hiyo. Kwa hiyo hata chumba cha muda, kabla hujalipa uliza kama hiyo karatasi utapewa. Wengine hawaitoi. Ukishahamia, bandika jina lenu kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo: barua nyingi za serikali huja kwa posta, na tarishi asipoliona jina anazirudisha.

Huku Dodoma, mitaa kama Kisasa au Ilazo, umezoea kulipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali juu. Kule kodi ni ya mwezi kwa mwezi, na dalali analipwa na aliyemwita, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba. Kinachouma ni dhamana: inaweza kufika kodi ya miezi 3, ingawa sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu 3. Tangazo likisema Kaltmiete, hiyo ni kodi tupu, bado joto na maji. Halafu nyumba nyingi hupangishwa bila jiko kabisa, hata sinki hamna, maana mpangaji aliyetoka kang'oa vyake. Tenga hela ya hilo mapema. Na anayetaka umtumie dhamana wakati wewe bado uko Dodoma na nyumba hujaiona, achana naye.

Kwa watoto, karatasi mbili ndizo husumbua. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha RITA. Lile tangazo la hospitali si cheti, na majina matatu ya mtoto yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. "Mohamed" huku na "Mohammed" kule inatosha kukukwamisha. Ya pili ni kadi ya kliniki. Tangu Machi 2020 Ujerumani inadai uthibitisho wa chanjo ya surua, dozi mbili kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili. Kwetu hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ya pili ndiyo husahaulika. Ikikosekana, chekechea hawampokei.

Shule za serikali hazina ada, na kumsomesha mtoto nyumbani hairuhusiwi. Mwenye mtoto wa darasa la tatu au la nne ndiye awe na haraka kuliko wote: majimbo mengi huwagawa watoto baada ya darasa la nne kwenda aina tofauti za sekondari, na asiyejua Kijerumani hupimwa akiwa nyuma. Aanze lugha akiwa bado hapa.

Muuguzi naye ajue kwamba cheti chake mara nyingi hakitambuliwi chote mara moja. Atapewa mafunzo ya nyongeza au mtihani, na mpaka amalize analipwa kama msaidizi. Kama mkataba unataja mshahara wa muuguzi kamili tu, uliza kwa maandishi hiyo miezi ya kusubiri utalipwa kiasi gani, kabla hujasaini.