Nilivyopunguza bili ya intaneti bila kuhama kampuni
Kila jioni video zilikuwa zinakwama, nami nikakimbilia kifurushi cha megabiti 100 kwa sekunde. Chumbani hali ikabaki ile ile. Siku moja nikachomeka laptopu kwa waya kwenye ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), nikapima kasi: megabiti 96! Kumbe intaneti ilikuwa inafika vizuri, mkosaji ni mimi. Ruta nilikuwa nimeificha nyuma ya televisheni, huko ikigombania masafa ya redio ya GHz 2.4 na waifai za majirani wa jengo zima. Nikaipandisha juu ya kabati, simu na televisheni nikazihamishia masafa mengine ya ruta, GHz 5 (haipenyi kuta vizuri, ila nyumba yenyewe ndogo). Video ya HD hutosheka na megabiti 5 hivi, basi nikashuka hadi kifurushi cha 30. Mwezi uliofuata bili ilipungua, na video hazikukwama.