Siku yangu tezi, yaani nyuma ya meli, na maneno ya ami dereva wa treni

Saa 11 alfajiri. Nimeshasali, nakunywa chai barazani kwa ami, Bububu, Unguja. Treni ya mwaka 1905 kutoka mjini iliishia mtaa huuhuu, lakini ami treni zake aliziendesha bara, Reli ya Kati, mpaka akastaafu.

Saa 1 asubuhi, bandari ya Malindi, Unguja. Meli yetu ina daraja la nahodha mbele na mlango wa magari nyuma. Kuondoka si tabu. Tabu ni kufika, maana gati tunaliingia kinyumenyume na nahodha halioni. Jicho lake ni mimi, nyuma, na redio mkononi.

Saa 3. Kisiwa cha Tumbatu mkono wa kulia, bahari shwari. Wakati kama huu hukumbuka maelezo ya ami. Kichwa cha treni cha dizeli chenye chumba kimoja cha dereva, kikitangulia upande mfupi, dereva anaona reli yote. Kikigeuzwa, injini nzima inakaa mbele yake kama ukuta. Anaona ubavu wake tu. Reli ikipinda upande wa pili, ishara anaiona msaidizi peke yake, naye huitaja kwa sauti: "Kijani!" Dereva huijibu vilevile. Tena mitambo imepangwa kwa mtu anayetazama upande ule mwingine, basi shingo hukaa imepinda safari nzima. Ndiyo maana stesheni nyingine ziliwekewa reli ya pembetatu, kichwa kigeuzwe kabla ya kurudi.

"Msaidizi akinyamaza, mimi nashika breki," ami husema. "Siulizi kwanza."

Saa 6 mchana, bandari ya Mkoani, Pemba. "Mita ishirini, nahodha. Kumi na tano. Kumi." Mwezi uliopita hapahapa betri ilinifia kwenye kumi. Nilimwona mpokea kamba gatini anakaribia, nami sina sauti. Nahodha alisimamisha meli papo hapo. Mikono ilinitetemeka mpaka magari yote yaliposhuka.

Leo tumefunga salama. Malori ya mchele yanatoka, mama mmoja anahesabu kuku wake.

Saa 2 usiku nampigia ami.

"Umefika, mwanangu?"

"Nimefika, ami."

Ananisimulia tena mchongoko, treni ya umeme ya reli mpya ya SGR, aliopanda Dar mpaka Dodoma: una chumba cha dereva kila ncha. Walipofika, dereva alichukua mkoba wake, akatembea hadi ncha ya pili, akakaa tena akitazama mbele. Ami anausifu mkoba ule kwa mapenzi kabisa.

Nimeweka betri mbili chaji. Moja ya redio, moja ya mfukoni.